Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi Shuleni

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Tunakushukuru na wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli nyingi za hospitali ukaja kuungana nasi. Karibu sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwaka huu tuliweka kando volkano ya magadi na siki, ambayo wazazi wameshaichoka, tukashika jambo moja: jinsi vitu vinavyoingia na kutoka kwenye seli za mwili kupitia utando wake. Haya unayajua kuliko sisi. Tunayasema ili wazazi wetu wayasikie, na tukipotoka utusahihishe hapahapa.

Utando wa seli umejengwa kwa tabaka mbili za mafuta. Oksijeni hupenya yenyewe, ikitoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache. Sukari na chumvi haziwezi. Hizo hutegemea protini za kuzipitisha. Maji nayo yana njia zake za protini, akwaporini, ambazo ugunduzi wake ulimpatia Peter Agre wa Marekani Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2003.

Mayai utakayoyaona mezani tuliyaloweka kwenye siki mpaka maganda yakayeyuka. Lililowekwa kwenye maji matupu limevimba, na lililowekwa kwenye maji ya chumvi nyingi limenywea. Ngozi ya yai si utando wa seli, mwalimu wetu hachoki kutukumbusha, lakini kanuni ni ileile: maji huelekea palipo na chumvi au sukari nyingi zaidi.

Ndugu Mgeni Rasmi, kanuni hiyo ndiyo inayoua kwenye kipindupindu, na ndiyo inayoponya. Sumu ya bakteria wake huzifanya seli za utumbo mwembamba zimwage nje kloraidi, sehemu moja ya chumvi. Sodiamu, sehemu yake ya pili, hufuata, na maji hufuata chumvi. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Lakini upo mlango mmoja ambao sumu hiyo haiugusi: protini inayoingiza sodiamu mbili na glukosi moja, yaani sukari, kwa pamoja. Chumvi ikija bila sukari, mlango huo haufanyi kazi. Vikija vyote viwili huingia, na maji huvifuata mwilini. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayotumia nishati kutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, ili ndani ya seli sodiamu ibaki chache na nyingine iendelee kuvutwa. Mwanasayansi Robert Crane ndiye aliyependekeza mwaka 1960, mkutanoni Prague, kwamba sodiamu na glukosi husafiri pamoja.

Wapo wanaodhani sukari kwenye pakiti ya ORS, ile dawa ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji kwa anayeharisha, ni ya kumbembeleza mtoto anywe. Sivyo; ndiyo inayoipitisha chumvi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia kwenye kambi za wakimbizi za Bongaon, India, na dripu zikawa hazitoshi. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji yenye glukosi na chumvi. Vifo vilikuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100. Kwa waliopewa maji yale vikashuka chini ya 4.

Wazazi wetu, vipimo ni muhimu. Pakiti iliyoandikwa lita moja ichanganywe yote kwenye lita moja ya maji safi na salama. Usiigawe kwa macho, wala usiongeze sukari. Mchanganyiko ukiwa mzito huvuta maji kutoka mwilini kwenda tumboni, na ndiyo sababu soda haifai kwa mtoto anayeharisha. Hata Shirika la Afya Duniani liliupunguza ukali wa mchanganyiko wake mwaka 2002; sasa kila lita ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida.

Ndugu Mgeni Rasmi, pamoja na juhudi hizi hatukosi changamoto. Hadubini inayofanya kazi ni moja, na foleni yake ni ndefu kuliko ya chakula cha mchana. Seli za kitunguu wengi wetu tunaziona kwenye picha tu. Tunakuomba utusaidie kupata hadubini, hata iliyokwisha kutumika. Tunaomba pia mhudumu wa afya afike shuleni kabla ya mvua za masika, awaonyeshe wanafunzi na wazazi jinsi ya kuchanganya ORS. Ndoo, vikombe na maji yaliyochemshwa tutaandaa sisi.

Naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Baiolojia.