Jumamosi: baiskeli za resi tunazozitoa friwili

Habari za jioni, wanakikundi. Jumamosi saa 3 asubuhi tunageuza zile baiskeli kuukuu za resi ziwe za giya moja bila friwili: gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka.

Kabla hujanunua chochote, tazama pale ekseli ya nyuma inapokaa kwenye fremu. Mwanya ukiwa wa kulala, utavuta gurudumu nyuma na mnyororo utakazika. Ukiwa wa kusimama ni shida. Ilete tuiangalie kwanza.

Ninachowasihi sana ni kitovu cha gurudumu. Cha zamani hupokea sproketi (kigurudumu chenye meno cha nyuma) vizuri, lakini hakina hesi ya pili, ile inayokazwa kuelekea kushoto, ya kufungia nati ya kuizuia sproketi isifunguke. Ukigandamiza pedeli kinyume ili upunguze mwendo, sproketi inaweza kufunguka ukiwa barabarani. Tafuteni kitovu chenye hesi zote mbili, hata kama bei inauma.

Meno 42 mbele na 16 nyuma yamenifaa kwenye vilima vyetu. Breki ya mbele haitolewi, tafadhali. Mwenye spana namba 15 aje nayo, tuliyonayo ni moja tu.