Tatu mwanangu, kabla hujapeleka wageni Eyasi

Marahaba mwanangu. Huku Mbagala sote wazima, bibi yako mguu unamsumbua kidogo ila anakula na anagomba kama kawaida yake kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Ile voisi uliyonitumia nimeisikiliza, kwamba umepata fildi kwenye kampuni ya utalii na safari yenu ya kwanza mnapeleka wazungu Ziwa Eyasi "kuwaona watu wa porini". Nimefurahi, kazi ni kazi. Ila hapo mwisho pamenikaba kidogo, na unajua mama yako kafundisha historia mpaka kustaafu, mdomo haujastaafu. Tafuta chai usome taratibu.

Kwanza hao mnaokwenda kuwaona ni Wahadzabe, na hawako porini, wako kwao. Ni watu elfu moja na kidogo tu, lugha yao ina ile milio ya kupiga kidoko kwa ulimi lakini wataalamu wamehangaika nayo hawajaipatia ndugu, hata Wasandawe wa kule Dodoma ambao nao wanapiga kidoko siyo ndugu zao kwa lugha. Wanawinda kwa upinde, wanawake wanachimba mizizi kwa fimbo iliyochongwa ncha, ubuyu wanakula wa kutoka mbuyuni moja kwa moja siyo huu wetu wa kupaka rangi. Wengine watoto wao wako shule, wengine wana simu, kwa hiyo usije ukawaambia wageni kwamba mnakwenda kuona binadamu wa miaka elfu kumi iliyopita. Mtu aliyezaliwa mwaka mmoja na wewe ni mtu wa leo kama wewe.

Kuna kitu nataka ukakiangalie kwa macho yako ukipata bahati. Mwanaume wa Kihadzabe akitaka asali anapiga mluzi, na kuna ndege mdogo hivi, hana hata rangi ya kukusimamisha njiani, anaitwa mlembe, akisikia anakuja analialia juu ya mti, anarukia mti wa mbele anasubiri, wakifika anaruka tena, mpaka anawafikisha kwenye mbuyu wenye nyuki. Jamaa anachonga vijiti vigumu anavipigilia kwenye gome kimoja juu ya kingine, vinakuwa ngazi, anapanda na kijinga cha moto, anafukiza, anatoa masega, na ndege naye anapata nta yake. Sasa sikia. Wayao wa Niassa kule Msumbiji nao wanaitana na ndege huyo huyo ila wao hawapigi mluzi, wana mlio wao wa koo, brrr halafu hm. Wanasayansi wakaenda na spika, wakawachezea ndege wa huku mlio wa kule na wa kule mlio wa huku, majibu yakatoka 2023, wa Eyasi anamuitikia zaidi Mhadzabe na wa Niassa anamuitikia zaidi Myao. Yaani ndege kila mmoja anawajua watu wake! Nilimsimulia baba Swalehe hapa jirani, si Myao wa Tunduru yule, siku nzima kavimba kichwa kama yeye ndiye aliyemfundisha.

Halafu anakuja mtu na gari lake anasema hawa hawajasoma.

Sasa shida yao iko wapi? Shida ni kwamba hawalimi, hawafugi, hawajengi nyumba ya bati. Ukipita na gari unaona mibuyu na vichaka, basi mkulima akiona anasema hapa pamekaa bure, mfugaji akiona anasema malisho haya, mwekezaji naye anatoa ramani, na wote hao wanaweza kuwa watu wazuri tu wana njaa zao, lakini mwisho wa siku aliyekuwepo ndiye anayeondoka. Hilo ndilo nataka ulishike Tatu, kwa sababu ukifuatilia historia ya watu wa asili kama hawa dunia nzima, karibu kila mahali balaa lilianza na mtu aliyeangalia ardhi ya wenzake akaona hakuna mtu.

Chukua Australia. Wenyeji wako pale miaka 50,000 au zaidi, walikuwa na lugha zaidi ya 250, Mwingereza kafika na wafungwa wake 1788 akaichukua kama nchi isiyo na mwenyewe. Ikakaa hivyo karne mbili! Sasa kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Eddie Mabo, mtu wa kisiwa cha Mer kule Torres Strait, kaskazini mwa Australia, alikuwa mtunza bustani kwenye chuo kikuu, siku moja anapiga stori na wanahistoria wa pale anawaelezea shamba lao la ukoo kule kisiwani, wakamwambia bwana kisheria lile ni la Serikali. Hakuamini. Akafungua kesi na wenzake 1982, ikaenda miaka kumi, Juni 1992 mahakama kuu ikasema ule uongo wa nchi isiyo na mwenyewe umekwisha. Yeye alikuwa ameshafariki Januari mwaka huo huo.

Na sisi Wazaramo tusijifanye hayo ni ya mbali. Ukimuuliza mtu Dar es Salaam ilianzaje atakwambia Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860, kama vile alikuta mchanga mtupu na minazi imejiotea. Palikuwa na kijiji cha Mzizima pale, watu wanavua, wanalima, wanazika ndugu zao. Lakini hayo tuyaache maana nikianza ya viwanja vya Dar hatumalizi leo.

Najua utaniambia mama, si wakisoma na wakijenga kama wengine wataheshimiwa. Nimelisikia hilo mpaka kwenye vikao vya walimu. Basi ngoja nikupe ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, wanafunzi wangu walikuwa wanaipenda mpaka kengele inalia hawatoki. Kulikuwa na Mcherokee anaitwa Sequoyah, Kiingereza hajui kusoma, lakini anaona wazungu wanaongea kupitia karatasi akasema hata sisi tunaweza, akakaa miaka na miaka anachorachora mpaka mwaka 1821 akamaliza herufi zake, kila silabi na alama yake. Watu wakajifunza kwa kasi ya ajabu. Kufika 1827 wana katiba, 1828 wana gazeti lao kwa lugha yao na Kiingereza. Wana mashamba, wana shule, na niseme ukweli matajiri wao walikuwa hadi na watumwa weusi, yaani waliiga kila kitu hata uovu. Ikagunduliwa dhahabu Georgia. 1830 ikatungwa sheria ya kuwahamisha, wao wakaenda mahakamani, 1832 mahakama kuu ya Marekani ikatoa hukumu ya kuwatetea, na wapi. 1838 wanajeshi wakawatoa majumbani, wakapelekwa magharibi huko, wengi kwa miguu na baridi ile, wakafa kama 4,000 njiani na kambini. Sasa niambie walikosa ustaarabu gani? Aliyetaka ardhi hakuwa anatafuta ustaarabu.

Ya mashule ndiyo yananiuma zaidi kwa sababu ni kazi yangu. Marekani walifungua shule ya bweni ya Carlisle kwa watoto wa wenyeji 1879, mtoto akifika ananyolewa nywele, anapewa jina jipya, akiongea lugha ya mama yake anaadhibiwa. Kanada hivyo hivyo, watoto wa wenyeji kama 150,000 walipitia shule hizo, ya mwisho imefungwa juzi tu, miaka ya 90, na maelfu hawakurudi makwao. Serikali yao iliomba msamaha 2008. Na hapa kwetu, kabla hatujawanyooshea wazungu vidole, mwishoni mwa miaka ya 60 kulikuwa na kampeni ya kuwalazimisha Wamasai waache rubega wavae suruali, na waliofanya hivyo ni Waafrika wenzao tumeshapata uhuru. Leo ile rubega iko kwenye mabango ya utalii hapo Arusha kila kona, wewe mwenyewe unaiona.

Wamaori wa New Zealand wao walipoona lugha inakufa hawakusubiri mtu. 1982 wakaanzisha vituo vya watoto wadogo kabisa, wazee wanakaa nao wanaongea nao Kimaori tu kutwa, miaka mitano baadaye ikawa lugha rasmi ya nchi. Kizaramo hicho cha bibi yako wewe unajua matusi na salamu. Sisemi kitu, napita tu.

Sasa nirudi kwenye kazi yako, kwenye hilo la "kuwaona". 1906 pale New York, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, walimweka kijana wa Kongo anaitwa Ota Benga kwenye nyumba ya nyani, pamoja na orangutani, watu wanafurika kumtazama. Wachungaji weusi wa mji ule wakapiga kelele mpaka akatolewa, lakini kwao hakurudi, na 1916 akajiua. Kabla yake kuna Sarah Baartman, Mkhoikhoi wa Afrika Kusini, alipelekwa London 1810 akaonyeshwa kama kinyago, akafa Paris 1815, na hata maiti yake haikupumzishwa, ikawekwa makumbusho. Afrika Kusini ilimrudisha na kumzika 2002, tarehe 9 Agosti, siku ambayo pia Umoja wa Mataifa huwa unaadhimisha ya watu wa asili duniani. Sisemi kampuni yenu inafanya hayo, Mungu apishe mbali. Nasema wageni wako wanashuka na kamera, na wewe ndiye uliyesimama katikati.

Halafu kuna watu watakwambia Afrika sote ni wenyeji, haya mambo ya watu wa asili ni ya Marekani na Australia. Wana hoja yao, hata mimi Mzaramo mwenyeji wa wapi kama siyo wa Pwani. Lakini hapo hapo Arusha unaposoma ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Mei 2017 ilitoa hukumu ya Waogiek, wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau, Kenya. 2009 walipewa notisi ya siku 30 watoke msituni, eti kulinda mazingira. Mahakama ikasema hawa ni watu wa asili, msitu ni wao, wamekaa nao enzi na enzi, na Kenya haikuthibitisha kwamba wao ndio wanaouharibu. 2022 ikaamuru walipwe fidia shilingi za Kenya 157,850,000 na wamilikishwe ardhi yao kwa pamoja. Kulipwa kwenyewe ndiyo hayo ya serikali, lakini hukumu ipo, imeandikwa, kama una nafasi nenda ukaulize kopi.

Na Wahadzabe wako hao nao siyo watu wa kuonewa huruma tu. Walikaa na wanasheria wakatumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na 2011 wakapata hati ya hakimiliki ya kimila, siyo ya mtu mmojammoja, ya jamii nzima, zaidi ya hekta 20,000 bonde la Yaeda, Mbulu. Sasa hivi msitu wao unaingiza hela kwa biashara ya hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa sababu miti imesimama na inaifyonza hewa hiyo chafu. Yaani pale pale palipoonekana pamekaa bure. Hilo waambie wageni, tena waambie kabla ya ya upinde na mishale, utaona wanavyogeuza shingo.

Kwa hiyo ukifika, fanya hivi. Uliza mapema kwa huyo bosi wako hela ya wageni inayoachwa kijijini inapokelewa na nani na inaandikwa wapi, uliza kwa adabu lakini uliza. Kamera zisitoke mpaka mzee wa kambi asalimiwe na aseme ndiyo, na akisema huyu mtoto au huyu mama asipigwe basi asipigwe hata mgeni awe kalipa dola ngapi. Mkalimani awe Mhadzabe mwenyewe ikiwezekana, wapo wanaojua Kiswahili vizuri tu, aongee yeye wewe ukae pembeni. Vile vichwa vya mishale vya chuma utakavyoona wanatengenezewa na Wamang'ati kwa kubadilishana asali na nyama, kwa hiyo usiseme wanaishi peke yao, wana majirani na wana biashara na wana ugomvi pia kama sisi hapa mtaani. Asali wakikuuzia lipa bei waliyotaja. Na ukiposti klipu yoyote usiandike yale mambo ya "watu wa mwisho duniani", ntakupigia simu mbele ya wageni wako.

Karatu baridi mwezi huu, mwambie mwenzako wa chumbani akuazime koti, hela ya kununua ntakutumia mwisho wa mwezi mchezo ukitoka. Baba anakusalimia, anasema ukishuka tu kwenye gari utume meseji.

Mama yako.