Barua kwa mwanangu: yule mwanamke wa ng'ambo

Baba yangu,

Haya nayaandika kwa sababu kwenye simu sauti ilinikatika. Ulisema ungechagua kozi nyingine ungekuwa mtu wa maana, na huyu uliye sasa huoni kwa nini aendelee kuishi.

Nayajua mawazo hayo. Nilipokuwa na mimba yako na baba yako ameshaondoka, nilianika dagaa hapa Kirumba, Mwanza, huku naangalia ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema. Kule niliweka mwanamke: mimi mwingine, yule aliyekubali kuolewa na fundi cherehani. Nilimjengea nyumba ya bati, nikampa watoto wanne, hata kanga zake nilizijua rangi. Kila alichopata yeye niliona nimenyang'anywa mimi. Jioni moja nikakaa juu ya mawe nikaona heri nisiwepo.

Wingu likatanda. Bibi mmoja akapiga kelele, "We mwana, dagaa wako!" Wakilowa wanaishia kuwa chakula cha kuku. Nikakimbia kuanua, akanisaidia. Tukiwa tumejibanza chini ya turubai nikamwambia yote. Alikuja kulala kwangu wiki nzima. Sababu kubwa ya kuishi sikuwa nayo, baba. Nilikuwa na magunia mawili ya dagaa, na mtu mmoja aliyejua.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa 2025, nilivuka. Kilomita 3 juu ya maji, dakika chache, pale tulipozoea kusubiri kivuko. Nilikwenda kumtafuta yule mwanamke. Fundi yupo, na mkewe yupo: magoti yanamuuma, amezika mtoto mmoja, anapika chai tamu sana. Akaniambia miaka yote alikuwa akijiuliza angekuwa nani kama angekimbilia Mwanza.

Huyo wewe mwenye kozi nyingine mimi simjui. Si yeye aliyemwandikia bibi yako majina ya dawa kwa herufi kubwa ili ayaone.

Nauli nimekutumia. Panda basi la kesho. Usiku huu usikae peke yako: mwambie mwenzako wa chumbani ulichoniambia, na unipigie hata saa tisa usiku. Jumatatu twende hospitali ya Bugando, kuna madaktari wa afya ya akili. Nitakusubiri nje, au niingie nawe ukitaka.

Mwezi umeingia gizani, mitumbwi inarudi imejaa. Nitakuwekea wale wabichi, wa kukaanga.

Mama yako