Mume wangu haimezi dawa ya presha siku za kunywa pombe. Nifanyeje?

Kwako mshauri, na kwenu wasomaji wenzangu,

Nawasalimu kutoka Kariobangi South. Jambo ninaloleta linamhusu mume wangu, na naomba tangu mwanzo nisiambiwe tu "mwambie aache pombe". Hayo ameambiwa na wengi, na ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Ana miaka 53. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, anatengeneza mageti na fremu za madirisha. Presha yake iligunduliwa alipokwenda kutibiwa jicho lililorukiwa na cheche. Muuguzi alimpima mkono akakuta 172/106, akampima tena baadaye, hali ikawa ile ile. Akaanzishiwa amlodipine ya miligramu 10 pamoja na losartan iliyochanganywa na dawa ya kutoa maji mwilini. Humeza jioni, baada ya chakula.

Si mlevi. Nalisema hili kwa sababu nimeishi naye miaka mingi na najua mlevi ni mtu wa namna gani, babangu mzazi alikuwa mmoja. Huyu wangu karo hulipa na nyumbani hulala. Ijumaa na Jumamosi, jua likishashuka, hukaa na mafundi wenzake, akanywa bia nne, siku nyingine tano, kisha akarudi zake. Lakini siku hizo mbili dawa haigusi. Anasema anaipumzisha.

Hakuzuka tu na wazo hilo. Wakati fulani tulikuwa na mchango wa matanga ya jirani, akanywa, akarudi, akala, akameza dawa zake kama kawaida. Usiku akaamka kwenda haja. Nilisikia kishindo, nikamkuta ameanguka mlangoni, jasho la baridi limemtoka, hata kuita hawezi. Alizinduka tulipomlaza na kumwinua miguu. Tangu siku hiyo anaamini kwamba kidonge na bia vikikutana tumboni vinageuka sumu. Marafiki zake nao wanamuunga mkono: kila mmoja anamjua mtu aliyeonywa asinywe pombe akitumia Flagyl, ile dawa ya kuua vijidudu, basi wanaona dawa zote ziko hivyo.

Nilimuuliza mfamasia wa hapa mtaani, kijana mvumilivu sana, na Mungu ambariki. Alinieleza kuwa onyo la Flagyl ni la Flagyl, na dawa za presha zina hatari ya namna nyingine. Pombe ikiingia mwilini hulegeza mishipa ya damu, kwa hiyo presha hushuka kwa saa kadhaa. Amlodipine nayo inalegeza mishipa hiyo hiyo. Dawa ya kutoa maji inakukojoza, na bia inakukojoza. Mtu akiamka ghafla usiku, damu inabaki miguuni, kichwa kinakosa, anaanguka. Halafu kesho yake, pombe ikishaisha, presha inapanda tena, na kwa anayekunywa kila wiki inazidi kukaa juu. Kwa hiyo bia ile ile inaishusha usiku na kuipandisha mchana.

Nikamuuliza, je, akisubiri saa mbili tatu baada ya kunywa ndipo ameze? Akasema hiyo haisaidii, kwa sababu amlodipine hufanya kazi mchana na usiku, na huchukua kama wiki nzima ya kumezwa bila kuruka ndipo itulie sawasawa mwilini. Mtu anayeruka siku mbili kila wiki hafiki kwenye utulivu huo hata mara moja. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nikanunua kipimo cha mkononi. Nampima akiwa ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza. Jumapili asubuhi, baada ya usiku mbili za bia bila dawa, nimeona 166/102. Alhamisi, baada ya kumeza tangu Jumapili, 134/84. Na kliniki yake huwa ni Alhamisi! Daktari akiangalia kadi anaona mtu anayeendelea vizuri, anampa dawa za mwezi mwingine na kumwambia aendelee hivyo hivyo. Hakuna anayejua Jumapili zake isipokuwa mimi.

Mtaniuliza kwa nini hasemi. Alisema, mwanzoni. Alipoulizwa kama anakunywa, alijibu ndiyo, na mhudumu akamwambia mbele ya foleni nzima achague pombe au uhai. Mume wangu ni mtu mzima, ana wafanyakazi wanaomwita mzee. Tangu hapo akiulizwa anajibu hapana. Mimi simlaumu kwa aibu ile. Ninachoona ni kwamba neno lile lilikusudiwa kumwachisha pombe, likamwachisha ukweli.

Kuna la vidonge vya maumivu pia, ambalo naliona watu wengi hawalijui. Jumamosi asubuhi kichwa kinamgonga, na mgongo wa kuinama juu ya vyuma haumwachi, basi humeza diclofenac au Brufen kutoka dukani. Mfamasia aliposikia alishtuka kuliko aliposikia habari za bia. Dawa za jamii hiyo hupandisha presha, hupunguza nguvu ya losartan, na zikikutana nayo pamoja na dawa ya kutoa maji, figo ndizo zinazoumia. Alipendekeza paracetamol, tena kidogo, kwa sababu ini la mnywaji nalo halitaki kubebeshwa. Hili angalau mume wangu amelikubali. Vidonge vile nimeviondoa nyumbani.

Kuhusu kiasi, nimejaribu kuelewa. Uingereza huwashauri watu wao wasizidishe yuniti 14 kwa wiki (yuniti moja ni mililita kumi za pombe halisi), zisambazwe siku tatu au zaidi. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina yuniti mbili na kidogo. Kwa hesabu hiyo anazidisha hata kabla wenzake hawajanunua ile chupa ndogo ya robo lita ya pombe kali, ambayo peke yake inakaribia bia tano. Tena Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara yoyote kwa afya. Nayajua hayo. Lakini mimi naishi na mtu, na mtu huyo bia mbili anaweza kuzikubali, sifuri hataki kuisikia.

Ndipo nimekwama, mshauri. Nikimwambia "kunywa, lakini dawa umeze", naogopa siku akianguka tena, pengine akiwa juu ya ngazi na mashine ya kuchomelea mkononi, nitakuwa nimemtuma mimi. Nikimwambia aache pombe kabisa, ataacha kunionyesha, na dawa ataendelea kuiruka kwa siri. Moyo wangu unaamini kwamba bia mbili na dawa iliyomezwa ni afadhali kuliko bia mbili bila dawa. Je, naamini sawa? Na je, naweza kuomba dawa zihamishiwe asubuhi, angalau ile ya maji isimwamshe usiku akiwa na pombe kichwani?

Kuna jambo linalonikimbiza. Desemba tuna ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya binti yetu wa kwanza, nyumbani kwao Murang'a. Yeye ndiye baba, pembe ya muratina, pombe yetu ya kienyeji, itamfikia, na hawezi kuipitisha bila kuigusa. Muratina haina maandishi ya asilimia. Kila mpishi na nguvu yake, na wazee hawahesabu. Ndugu zake tayari wanasema mzee wao alikunywa muratina hadi miaka 80 na hakuwahi kumeza kidonge. Ni kweli alifika 80. Ni kweli pia kwamba miaka yake miwili ya mwisho alilala upande mmoja umekufa, mdomo umepinda, na aliyemlisha uji kwa kijiko ni mimi. Hilo hawalitaji wanapomsifu. Ningependa kujua kama kuonja tu na kurudisha pembe kunaruhusiwa kwa mtu wa presha, na kama kuna namna ya kumwomba mzee mmoja alisimamie bila kumwaibisha mwenzangu mbele ya wakwe.

Lakini kubwa ni kliniki. Nataka daktari azijue Jumapili. Nimeandika vipimo vyote kwenye daftari, pamoja na tarehe na kama dawa ilimezwa. Naweza kuingia naye chumbani nikaliweka mezani, lakini naona kama nitakuwa nimemshtaki. Naweza kumpa alibebe mwenyewe, naye anaweza kuliacha kwenye matatu. Au niende mapema peke yangu, nimwombe daktari amuulize kwa upole, bila watu, na swali liwe "siku gani hukumeza?" badala ya "unakunywa?" Wake wenzangu mliopitia haya, na nyinyi wanaume mnaomeza dawa hizi, mlisemeshwa vipi mpaka mkasema?

Miadi yake ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu. Nitashukuru nikijibiwa kabla ya hapo.

Mama Shiru,
Kariobangi South, Nairobi