Barua ya malalamiko: swichi ya kifyonza vumbi inayoungua, na kipuri kisichouzwa peke yake

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja na Vipuri.

YAH: SWICHI YA KUWASHIA YA KIFYONZA VUMBI CHA WATI 1,600

Ndugu Meneja,

Salaam. Sisi ni mafundi wa vyombo vya umeme vya nyumbani. Tunaandika kuhusu kifyonza vumbi chenu cha kukokota cha wati 1,600, kile kinachowashwa kwa kukanyaga kitufe kikubwa kilicho nyuma. Mashine hii inafika kwa mafundi ikiwa nzima karibu kila mahali: mota ni nzuri, kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) bado ndefu, hosi haijapasuka. Kilichokufa ni swichi. Vituo vyenu vya huduma vinawajibu wateja kwamba swichi haiuzwi peke yake. Wanunue kifuniko kizima cha juu pamoja na kibao chake cha umeme, au wanunue mashine nyingine. Jibu hilo hatulikubali, na tunatoa sababu zetu kwa vipimo ili barua hii iwafikie wahandisi wenu.

Tuanze na maandishi yaliyo ubavuni mwa swichi yenyewe: 10(4)A 250V~ T85. Namba iliyo nje ya mabano ni ampea ambazo swichi inabeba kwa mzigo mtulivu, mfano kipasha joto. Iliyo ndani ya mabano ndiyo ya mzigo wa mota. Mashine ya wati 1,600 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 7, na karibu zote zinakwenda kwenye mota. Maana yake mmefunga swichi ya ampea 4 kwenye mota ya ampea 7. Anayechagua kipuri kwa kusoma 10 pekee ataona inatosha na ziada juu. Anayesoma mabano hawezi kuifunga.

Namba hizo mbili zinatofautiana kwa sababu nzito. Mota ya kaboni ikiwa imesimama haina kitu cha kuzuia mkondo isipokuwa ukinzani wa koili zake, ambao ni omu chache tu. Kwa sehemu ndogo ya sekunde inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, mpaka ishike kasi. Kitufe kinapokanyagwa, kontakti, yaani vipande vya chuma vinavyogusana ndani ya swichi, zinakutana katikati ya wimbi hilo, zinadundadunda kabla ya kutulia, na kila mdundo hutoa cheche. Wakati wa kuzima hali si nafuu, kwani koili hazikubali mkondo ukatike ghafla, na cheche hurefuka. Hivyo ndivyo utando wa fedha ulio juu ya kontakti unavyoliwa mpaka uso unabaki na vishimo na masizi. Kuna mashine ambazo kontakti zimeyeyuka kidogo na kushikana. Hizo hazizimi hata ukikanyaga vipi, na mtumiaji analazimika kuchomoa plagi huku mota ikinguruma.

Uso ukishaharibika, joto ndilo linalomalizia kazi. Swichi nzima ina ukinzani wa takriban omu 0.02 ikifungwa, yaani kontakti zikigusana na mashine kuwaka; kwa ampea 7 hiyo ni wati 1 tu ya joto, haidhuru. Swichi zinazotolewa kwenye mashine zenu hupima omu 0.3, 0.4, na wakati mwingine namba inarukaruka bila kutulia. Kwa omu 0.4 joto linakaribia wati 20, ambazo ni wati za pasi ndogo ya kulehemia, zikiwa zimefungiwa ndani ya kijidude cha ukubwa wa kidole gumba. Plastiki inageuka kahawia, springi inapoteza ukakamavu, kontakti zinalegea zaidi, joto linaongezeka. Mtumiaji hapati dalili mapema, kwa kuwa volti zinazopotea hapo hazifiki hata 3 kati ya 230, na nguvu ya kuvuta vumbi haibadiliki kwa kiasi cha kuhisiwa. Dalili ya kwanza ni harufu ya plastiki inayoungua. Tunaomba mlione hili kuwa suala la usalama kabla ya kulitazama kama suala la vipuri.

Kisha kuna mahali ilipowekwa. Swichi imekaa juu kabisa ya njia ya hewa inayotoka kwenye mota. Hewa hiyo ni ya moto, hasa mfuko ukijaa au chujio likiziba, na inabeba unga mweusi wa kaboni. Unga huo unapitisha umeme. Tundu ambamo kijiti cha kitufe kinapita halina kifuniko cha mpira, kwa hiyo vumbi la sakafuni linaingia kwa juu na unga wa kaboni kwa chini. Vumbi likijaa kwenye jino la kunasia, kitufe kinashuka lakini hakinasi, au kinanasa nusu na kontakti zinagusana kwa kingo tu. Mpira mdogo wa kuziba tundu hilo ungetosha. Haupo.

Tumeona pia kwamba vituo vyenu vinahukumu kabla ya kupima, ndiyo maana mteja mmoja anaambiwa mota imekufa na mwingine anaambiwa kibao kimeungua, kumbe wote wawili wana swichi mbovu. Kupima si kazi ndefu. Plagi ikiwa nje ya soketi, weka mita kwenye upande wa omu, gusa pini mbili za plagi, bonyeza kitufe. Kwenye toleo lenu lisilo na kirekebisha kasi, njia ikiwa nzima mita itaonyesha omu chache. Kwenye toleo lenye kirekebisha kasi, mita inaweza kuonyesha njia iliyokatika hata kama kila kitu ni kizima, kwa hiyo hapo usihukumu kwa kipimo hiki. Fungua na upime swichi yenyewe. Tenganisha waya wake mmoja, gusisha ncha za mita kwenye miguu yake (vipande vya chuma vinavyounganishwa na nyaya), ondoa ukinzani wa nyaya za mita. Ikifungwa isizidi omu 0.1 au 0.2, na ibaki hapo unapobonyeza tena na tena huku ukiitikisa. Ikifunguliwa, njia iwe imekatika kabisa.

Swichi ikiwa nzuri, anayefuata kushukiwa ni kikunjio cha waya. Ndani yake kuna pete za shaba na vidole vinavyoteleza juu yake, na vikichafuka mashine inawaka na kuzima kadiri waya unavyovutwa, sawasawa na swichi mbovu. Baada ya hapo waya wenyewe, karibu na plagi, unapopindwa kila siku. Kisha kikata-joto cha mota: hiki hukata mota ikipata moto na kurudi ikipoa, kwa hiyo mashine inayozima baada ya muda na kuwaka tena baadaye yenyewe ichunguzwe mfuko na chujio kwanza. Mashine inayokwenda kasi ya juu muda wote bila kutii kirekebisha kasi ina tatizo kwenye kibao. Swichi mpya haitaiponya.

Sasa ukarabati wenyewe, ambao mmeufanya mgumu pasipo haja. Skrubu za kifuniko zina vichwa vya pembetatu na zimezamishwa kwenye mashimo marefu na membamba. Bisibisi ya kawaida haizifungui, na zile zenye ncha za kubadilisha nyingi ni nene, haziingii. Chini ya chujio zipo skrubu nyingine mbili zilizofunikwa na kibandiko kinachosema dhamana imekwisha kikiondolewa. Mteja ambaye dhamana yake imeshapita bado anaogopa kibandiko hicho.

Ukifika ndani unakuta nyaya za swichi zimelehemiwa moja kwa moja kwenye miguu, wakati miguu hiyo ni bapa ya milimita 6.3, iliyotengenezwa kwa ajili ya soketi za kuchomeka na kuchomoa. Miguu ipo tayari kwa njia sahihi, lakini kiwandani ikatumiwa njia nyingine. Lehemu mahali penye joto na mtikisiko inapasuka kidogo kidogo, na nyuzi za waya zinavunjika pale lehemu inapoishia, maana hapo waya unageuka kuwa mgumu ghafla. Baadhi ya swichi zilizolaumiwa zilikuwa nzima. Kilichokatika ni waya milimita chache kutoka kwenye mguu.

Anayetengeneza inabidi akate nyaya karibu na lehemu, avue milimita 6 hivi za ganda, abane soketi mpya za milimita 6.3 zenye ganda kamili la kuhami, za kipimo kinacholingana na waya wa milimita mraba 0.75 au 1. Kubana kufanywe kwa koleo la kazi hiyo. Koleo la kawaida linaponda soketi upande mmoja na baada ya muda inalegea, tukarudi kwenye joto lile lile. Soketi ikishachomekwa, uvute kwa nguvu: ikichomoka kirahisi haifai. Kapasita ya kuzuia mwingiliano wa redio irudishwe mahali pake, na kabla ya kuigusa iondolewe chaji kwa rezista ya kilo-omu 10.

Swichi ya badala iwe ya kubonyeza na kunasa, yenye namba ya ndani ya mabano isiyopungua ampea 8, na alama 5E4 ikiwezekana, yaani mizunguko 50,000 badala ya 10,000 ya alama 1E4. Hapa ndipo tunakwama bila ninyi. Swichi za umeme huo zipo, lakini mwendo wa kitufe na urefu wa kijiti hutofautiana. Tofauti ya milimita 1 au 2 inatosha kuharibu kazi: kitufe kikiwa kifupi hakinasi, kikiwa kirefu kifuniko kinakikandamiza muda wote na kontakti hazifungi barabara. Mchoro wenye vipimo hivyo mnao. Haujawekwa popote ambapo fundi anaweza kuusoma.

Mwisho wa kazi, kabla ya kumkabidhi mwenye mashine, pini mbili za plagi ziunganishwe pamoja, kitufe kikiwa kimebonyezwa, na kihami kipimwe kwa volti 500 kati ya pini hizo na sehemu za chuma zinazogusika. Mashine hii ina kinga maradufu, yaani tabaka mbili za kuhami umeme, na haina waya wa ardhi, kwa hiyo tunataka megaomu 2 au zaidi. Kisha iendeshwe dakika kumi mfululizo, ichomolewe, na joto la swichi likaguliwe.

Mnajua watu wanafanya nini wanapoambiwa swichi haipatikani? Wanaunganisha nyaya mbili pamoja, swichi inatupwa, na plagi ndiyo inageuka kuwa swichi. Cheche zile zote zinahamia kwenye soketi ya ukutani, karibu na vidole vya mtu. Kikata-joto kikiikata mota iliyozidi moto na baadaye kikarudi, mashine inawaka yenyewe bila mtu kuigusa, pengine mwenyewe ameingiza mkono kutoa kilichoziba. Hatuungi mkono ufundi huo hata kidogo, lakini hauwezi kukoma ikiwa njia halali ya kutengeneza imefungwa na mtengenezaji mwenyewe.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 666 ya mwaka 2013 ilitaka mota ya kifyonza vumbi iishi saa zisizopungua 500, na hosi istahimili mikunjo 40,000. Tuchukue saa hizo 500 kama kipimo. Matumizi ya nusu saa kila mara yanatoa mara 1,000. Na kila mara mashine ikiwashwa mara 4, ni 4,000 kwa jumla. Swichi ya mizunguko 10,000 iliyochaguliwa vizuri ingeizika mota. Yenu inazikwa na mota nzima, na hapo ndipo uchungu wetu ulipo: mota nzuri, yenye shaba na kaboni zake, inakwenda jalalani.

Tunaomba mambo haya, na tunaomba yajibiwe kwa maandishi. Kwanza kabisa, uzeni swichi peke yake, pamoja na soketi zake mbili na mpira wa tundu la kitufe, na muiweke kwenye orodha ya vipuri kwa namba yake. Badilisheni kipuri kiwandani kiwe cha ampea 8 au zaidi ndani ya mabano, na nyaya zichomekwe, zisilehemiwe. Toeni mchoro wa swichi wenye mwendo wa kitufe, urefu wa kijiti na nafasi ya miguu. Kuhusu skrubu za pembetatu, hatuoni zinamlinda nani. Wekeni za msalaba. Na kwa wateja ambao swichi zao zimeonyesha dalili za kuungua, plastiki kuwa kahawia au harufu, wabadilishieni bure hata kama dhamana imepita, kwa sababu kosa la kuchagua namba ya mabano halikuwa lao.

Vituo vyenu navyo vipewe maelekezo ya kupima kabla ya kuhukumu. Tuko tayari kukaa na wahandisi wenu na kuwaonyesha swichi zilizofunguliwa, moja moja, pamoja na vipimo vyake.

Viambatisho: picha za kontakti zilizoliwa na za miguu iliyogeuka kahawia, jedwali la ukinzani uliopimwa kwa kila swichi, picha ya maandishi ya ubavuni na ya kibandiko cha wati kilicho chini ya mashine.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa vyombo vya umeme vya nyumbani

Nakala: Mkuu wa Uhandisi na Ubora