Fomu ya pensheni ituonyeshe kodi kabla ya sahihi

Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wanaoachishwa kazi jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu.

Nilikuwa karani wa stoo katika kampuni moja hapa Nakuru kwa miaka tisa. Mwaka 2022 tukapunguzwa. Afisa wa wafanyakazi akanipa fomu ya kutoa akiba ya uzeeni, akanionyesha kwa kidole pa kutia sahihi. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu. Mimi ambaye stoo sikuwahi kupokea mzigo bila kuhesabu magunia, nikatia sahihi.

Nilichoruhusiwa kuchukua kilikuwa Sh900,000. Sehemu ya michango ya mwajiri ikabaki kusubiri umri wa kustaafu. Hizo Sh900,000 zote nilikuwa nimezipangia: kinu cha kusaga mahindi huku Lanet, na kuvuta umeme.

Benki zikaingia Sh853,200. Nikamwambia mke wangu tumeibiwa.

Kumbe ni kodi. Kila mwaka kamili wa utumishi husamehewa Sh60,000, hadi miaka kumi, kwa hiyo miaka yangu tisa ilikinga Sh540,000. Zilizobaki Sh360,000 zikakatwa: Sh288,000 za kwanza kwa asilimia 10, na Sh72,000 kwa asilimia 25. Jumla Sh46,800. Nikabisha: mshahara wangu si ulikatwa kodi kila mwezi? Ulikatwa, ila michango ya pensheni ilitolewa kabla kodi haijahesabiwa. Kodi yake ilikuwa ikinisubiri mlangoni.

Kinu kilikaa miezi mitatu bila umeme.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ningeweza kuhamishia pesa zile kwenye mpango wa pensheni wa mtu binafsi, usiotegemea mwajiri, bila kukatwa hata shilingi. Na tangu 27 Desemba 2024, anayefikia umri wa kustaafu, au aliyetimiza miaka 20 katika mpango wake, hatozwi kodi akichukua chake. Kijana wa miaka sita kazini akitoa leo, kinachozidi msamaha wake bado kinakatwa.

Sisemi watu wasitoe. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa karo, utamwambia asubiri ufike miaka 60? Ninachoomba ni mistari mitatu juu ya pale pa sahihi: kodi yako ni hii, utapokea hizi, ukihamisha hukatwi.

Mke wangu anasema niongeze: na waiandike kwa Kiswahili.

Aliyekuwa karani wa stoo,
Lanet, Nakuru