Nishani ya baba ninayo mimi, na arobaini ni Jumamosi

Shangazi, shikamoo.

Ni saa kumi alfajiri, sijapata hata lepe la usingizi. Naandika nikiwa jikoni ili mume wangu asiamke, maana keshasema mambo ya ukoo wetu yamemchosha.

Baba tumemzika mwezi uliopita kule nyumbani Mbinga. Watu walijaa, hapo sina lawama. Lawama yangu ni wasifu. Kaka mkubwa ndiye aliyeusoma, kurasa tatu, na mbili nzima ni vita vya Kagera. Mzee aliondoka na mgambo mwaka 1978 akaacha kahawa shambani, akavuka Kyaka kwa daraja la muda maana la zamani watu wa Amin walishalilipua, akapita Masaka, akapigana Lukaya, akaingia Kampala Aprili 1979. Kaka akapandisha sauti, akarudia yale maneno ya Mwalimu ya uwezo, sababu na nia, wazee wakapiga makofi msibani. Halafu akamalizia: "Marehemu ameacha watoto watano na wajukuu kumi na mmoja." Basi. Akampisha padri.

Hao watoto watano nani aliwalea? Mama alifariki 1988, mimi kitindamimba nina miaka sita. Ndugu walitaka tugawanywe, huyu kwa baba mdogo, yule kwa bibi. Baba akakataa, na hakuoa tena. Alipika, alifua, kwenye vikao vya wazazi alikaa katikati ya akina mama na kofia yake magotini. Jumamosi jioni ananiweka chini, ananisuka. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu, viwili viliishia Lukaya. Alijua mtindo mmoja tu, twende kilioni, na mistari yake haikuwahi kunyooka. Nilichekwa kanisani mpaka nikaomba ninyolewe. Siku ya kumzika nilisuka huohuo, na aliyeelewa ni dada peke yake.

Nilikuwa nimemwomba kaka aongeze sentensi mbili tu. Akaniambia wanakuja maafisa wa jeshi, "hatuwezi kusimama mbele yao tukasema mzee alikuwa anasuka nywele." Shangazi, alivyotamka ungedhani mzee alikuwa mwizi wa kuku. Vita vile kwake havikutimia mwaka. Sisi alitubeba mpaka tumeoa na kuolewa.

Usinielewe vibaya, siionei aibu vita. Shuleni niliwahi kumng'ata mtoto aliyesema mgambo si askari. Lakini mwenyewe hakutaka sifa hizo. Kila Julai 25, redio ikianza habari za Siku ya Mashujaa, anachukua jembe anaenda kwenye kahawa hata kama palizi imekwisha. Alisema mashujaa wamelala Kaboya, kwenye makaburi ya askari wa vita vile. Tukimuuliza Kampala alifikaje, anajibu "kwa miguu", halafu anaomba chumvi. Mara moja tu, akiwa kitandani mwaka huu, alinisimulia zaidi, na akaniambia yaishie kwangu.

Sasa kaka anataka kaburi la marumaru lenye maandishi SHUJAA WA VITA VYA KAGERA, na kwenye arobaini nishani iwekwe mezani kando ya picha. Nishani haionekani.

Ninayo mimi. Imo ndani ya soksi yake, kwenye debe la unga hapa ninapoandikia. Niliitoa sandukuni usiku wa kwanza wa msiba. Sikuiba, Shangazi. Baba alisema nisiwape wakaichezea. Yaani, alisema "kile kichuma kisichezewe", na siku hiyo maumivu yalikuwa yamemzidi, mara ananiita mimi, mara anamwita mama. Lakini aliyekuwa pale ni mimi. Miezi minane nimefunga genge langu hapa Songea, wiki huku, wiki kule. Nani mwingine angeambiwa?

Jana dada kanipigia simu. Anayeshukiwa ni wifi, mke wa kaka, kwa sababu ndiye aliyefagia kile chumba. Wazee wanamweka kikao Ijumaa, na kaka ameshamwambia asipoitoa arudi kwao. Wifi hana neno na mtu. Zile wiki nilizokuwa huku kwangu, mashuka ya baba alifua yeye. Hilo nalo halikuwemo kwenye wasifu.

Nikiitoa, mimi ndiye mwizi, na kaka anapata cha kuweka mezani. Nikinyamaza, wifi anafungasha. Nimefikiria nimwambie kaka asome wasifu upya Jumamosi, zile nywele ziwemo, ndipo nimpe. Halafu naona hata akisoma, itakuwa nimenunua. Saa nyingine hata sitaki asome, aseme tu kwamba alikosea. Saa nyingine nataka niende kuizika kaburini usiku, yaishe.

Mume wangu anasema kile ni chuma tu. Yeye baba yake hakumsuka.

Nimpigie nani kwanza, wifi au kaka? Na nikimwambia wifi, nitamtazamaje? Gari la Mbinga napanda Alhamisi. Tafadhali nijibu kabla ya hapo.

Kitindamimba, Songea